Kusoma anga ukiwa Moshi: fimbo, kivuli, mlima na mwezi

Januari jua la Moshi mjini linachoma mpaka mtu anavuka barabara kufuata kivuli cha mti. Julai watu wale wale wanatoa masweta kabatini, na mlima unakaa kimya nyuma ya wingu siku nzima. Uliza sababu na wengi watakujibu hivi: Januari jua limetukaribia, Julai limekwenda mbali. Mangi wa duka letu la mtaani alinieleza hivyo huku akinihesabia chenji, na alisema kwa uhakika wa mtu aliyekwenda na kurudi.

Kinachoniudhi ni kwamba nusu ya jibu lake ni kweli. Dunia hulikaribia jua kuliko siku nyingine zote kati ya tarehe 3 na 5 Januari hivi, umbali ukiwa kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Anayekaa Kilimanjaro ana kila sababu ya kudanganyika, maana joto lake na umbali huo vinakwenda sambamba. Lakini mwambie huyo huyo mangi ampigie simu ndugu yake aliye Uingereza mwezi Januari. Kule ni baridi ya kuvunja mifupa, na jua wanalolitazama ni hili hili, liko karibu vile vile.

Sababu yenyewe unaweza kuipima uani kwako kwa fimbo, bila darubini. Kazi inachukua mwaka mzima, ila ni dakika kumi tu kwa wiki. Ukiwa Arusha inakufaa vile vile, kwa marekebisho machache nitakayoyataja.

Hatua ya kwanza: simamisha fimbo

Tafuta nondo au fimbo iliyonyooka, na uisimamishe hivi kwamba kuanzia sakafuni hadi ncha iwe mita 1 kamili. Urefu huo una faida: kila sentimita ya kivuli ni asilimia moja ya fimbo, hesabu inakuwa nyepesi. Tafuta pia ndoo ya zege au mchanga wa kuishikilia, timazi (uzi na jiwe vinatosha), pima maji, futi ya fundi, chaki na daftari.

Fimbo yangu ya kwanza niliichomeka tu ardhini, uani Pasua. Wiki ya pili mbuzi akaitumia kujikuna, nikapoteza vipimo vya nusu mwezi. Tangu siku hiyo ni zege.

Sakafu iwe imesawazishwa. Weka pima maji upande wa kaskazini–kusini na wa mashariki–magharibi, kisha hakikisha kwa timazi kwamba fimbo haikuinama. Mahali pawe na jua kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kwa walio vihambani, kwenye mashamba ya migomba, hapa ndipo pagumu, kwani mgomba hauna adabu na kivuli cha mwenzake.

Utagundua mapema kwamba ncha ya kivuli ina ukungu. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli hauwezi kuwa mkali. Dawa yake ni kipande cha kadi ngumu chenye tundu la ukubwa wa penseli, ukibandike juu ya fimbo na tundu liwe kwenye urefu wa mita 1. Sasa unapima katikati ya kidoa cha mwanga. Na jua lenyewe usilitazame, hata kwa sekunde moja, hata kwa miwani ya jua ya sokoni.

Hatua ya pili: tafuta kaskazini yako

Dira ya simu karibu na nondo na mabati hukuletea hadithi. Tumia kivuli. Funga uzi chini ya fimbo, chora duara la nusu kipenyo cha mita 1. Asubuhi, kati ya saa 3 na robo na saa 4 na kidogo kutegemea mwezi, kivuli kinachofupika kitafika kwenye duara; weka alama. Alasiri kitarefuka na kuligusa tena upande wa pili. Weka alama nyingine. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni magharibi–mashariki. Ugawe katikati, vuta mstari kutoka hapo hadi kwenye fimbo, na hiyo ndiyo kaskazini–kusini yako. Uchore kwa rangi isiyofutika.

Kisha inua macho. Kutoka katikati ya mji wa Moshi, Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro, kiko karibu kaskazini kamili. Ni bahati ambayo miji michache inayo: alama ya kaskazini yenye urefu wa mita 5,895. Ukiwa Marangu au Machame bahati hiyo huna, mlima umekaa pembeni. Na Arusha, Meru isikudanganye. Iko kaskazini lakini imeelemea mashariki kwa zaidi ya nyuzi 25. Ngumi yako ukinyoosha mkono ni kama nyuzi 10, kwa hiyo ni ngumi mbili na nusu. Kwa kipimo hicho hicho, Kibo ukiitazama kutoka mjini Moshi inasimama karibu ngumi moja kutoka upeo wa macho.

Hatua ya tatu: adhuhuri ya kweli

Adhuhuri ya jua ni pale kivuli kinapolala juu ya mstari wako wa kaskazini–kusini, nacho kikiwa kifupi kuliko wakati wowote wa siku hiyo. Ukitegemea saa 6 kamili utashangaa, kivuli bado kiko njiani. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Moshi iko nyuzi 37 na theluthi, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa wastani, basi, jua la Moshi hufika kati saa 6:31 mchana. Arusha huchelewa kwa dakika 3 hivi zaidi.

Nimesema kwa wastani. Mwanzoni mwa Novemba adhuhuri huja mapema, saa 6:14 hivi, na katikati ya Februari hukawia hadi saa 6:45. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja: ikilikaribia hukaza mwendo, ikienda mbali hulegeza, na mwinamo wake unaongeza utata juu ya hapo. Ndiyo maana Novemba unaona kumekucha mapema na Februari watoto wa shule wanatoka gizani. Urefu wa mchana haujabadilika sana. Tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hapa kwetu ni dakika 23 tu kwa mwaka, kiasi cha kutosha kuzifanya saa za Kiswahili, zinazohesabiwa toka macheo, zitufae mwaka mzima. Zipeleke Oslo uone.

Hatua ya nne: pima kila wiki, mwaka mzima

Chagua siku moja, Jumapili baada ya ibada kwa mfano, na upime kivuli cha adhuhuri: urefu wake na upande kilikoangukia. Hii ndiyo sehemu tamu, na ndiyo sehemu ambayo vitabu vingi vinatusimulia mambo ya watu wa mbali. Mtoto wa London hawezi kuona kivuli cha adhuhuri kikihama upande. Wewe utakiona.

Tuanzie 21 Juni. Jua liko upande wa mlima, yaani kaskazini, na kivuli kimelala kusini, urefu wake kama sentimita 50. Hapo jua limefika ukomo wake. Kwa siku kadhaa kivuli hakibadiliki kwa kiasi unachoweza kupima. Kisha kinaanza kufupika, taratibu Julai, haraka Agosti. Tarehe 22 au 23 Septemba ni sikusare, siku ya mchana na usiku kulingana: jua liko juu ya Ikweta, na kivuli chako kimebaki sentimita 6 tu, bado kikielekea kusini, kwa sababu Moshi iko nyuzi 3 na theluthi kusini mwa Ikweta.

Halafu subiri siku kama tisa. Karibu tarehe 1 Oktoba, kwa dakika chache, kivuli kinapotea. Nondo imesimama, jua ni kali, na chini hakuna kitu. Hilo ndilo jua la utosi hasa, si lile tunalolisema kwa kuongeza chumvi kila mchana wa joto. Chungulia kisimani wakati huo na utaona maji yanang'aa chini kabisa.

Wiki inayofuata kivuli kinatokea upande wa pili, kuelekea mlimani. Kinarefuka mpaka 21 au 22 Desemba, sentimita 37, kisha kinarudi, kinapotea tena tarehe 11 au 12 Machi, na kuvuka kwenda kusini.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi wamelikanyaga bila kuliona. Desemba, kivuli cha fimbo yako kuanzia asubuhi hadi jioni huzunguka kama mshale wa saa: magharibi, kaskazini, mashariki. Juni huzunguka kinyume: magharibi, kusini, mashariki. Uani pale pale, fimbo ile ile.

Faida ya mfukoni pia ipo. Dirisha la kaskazini hupata jua miezi ya baridi, la kusini hupata jua miezi ya joto, na hilo ni vizuri kulijua kabla fundi hajaanza kupanga matofali. Paneli ya sola huku kwetu ilazwe karibu bapa, na mwinamo kidogo wa kuelekea kaskazini ili mvua ioshe vumbi.

Hatua ya tano: chungwa na taa

Sasa sababu. Chomeka kijiti cha mshikaki katikati ya chungwa, kitokee pande zote mbili. Huo ndio mhimili. Chora mstari wa kati kwa kalamu, hiyo Ikweta, na chini yake kidogo weka nukta, hiyo Moshi. Weka taa mezani, zima nyingine zote.

Inamisha kijiti kama robo ya pembe mraba (mwinamo wa Dunia ni nyuzi 23.4) kuelekea mlango wa jikoni. Zunguka meza kinyume cha mshale wa saa, na hapa ndipo wengi wanakosea: kijiti kibaki kinaelekea mlango wa jikoni muda wote. Usikigeuze kiifuate taa. Ukiwa upande wa mbali na mlango, ncha ya juu inainamia taa. Hiyo ni Juni, na nukta yako inapata mwanga kutoka upande wa kaskazini. Ukifika kati ya taa na mlango, ncha ya juu imeipa taa kisogo, hiyo Desemba. Katikati ya hizo mbili, Machi na Septemba, taa inamulika mstari wa kati. Kivuli chako cha mwaka mzima kimo ndani ya chungwa hilo.

Na umbali je? Tofauti ya milioni 147 na milioni 152 huleta tofauti ya asilimia 7 hivi ya mwanga. Si sifuri, lakini ni mwinamo unaoamua. Baridi ya Julai huku Moshi inatokana na jua kukaa kando, na zaidi na mawingu ambayo upepo wa kusi huyasukuma na kuyabandika kwenye mteremko wa kusini wa mlima, juu ya vichwa vyetu.

Ukubwa nao haufai kupuuzwa. Kama Dunia ni chungwa la sentimita 8, mwezi ni gololi ya sentimita 2 iliyo umbali wa mita 2 na nusu kasoro. Jua linakuwa kitu cha upana wa karibu mita 9, zaidi ya nyumba ya vyumba viwili, nalo liko mita 940 kutoka hapo ulipo. Dunia hulizunguka kwa kilomita 30 kwa sekunde. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80, yaani chini ya sekunde 3. Kosta yetu, ikiwa haijasimama Boma Ng'ombe kujaza abiria, hutaka saa moja na nusu.

Jua, masika na vuli

Tazama tarehe za jua la utosi: mwanzo wa Oktoba, katikati ya Machi. Mkulima yeyote wa Kibosho atakwambia kinachofuata. Pale jua linapopiga wima, ardhi na bahari hupata joto, hewa hupanda, pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na mkanda wa mvua hujengeka. Mkanda huo hulifuata jua ukichelewa kwa wiki kadhaa. Jua likivuka kwenda kusini tunapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Likirudi kaskazini tunapata masika, Machi hadi Mei. Katikati ya safari hizo mbili ndipo penye kiangazi cha Januari na Februari, na kipupwe cha Juni hadi Agosti. Misimu minne ya vitabu vya Ulaya si yetu. Bahari na mlima huongeza yao, na kuna miaka ya kuvuruga kila kitu, kama vuli ya Elinino ya 1997.

Hatua ya sita: usiku

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23 na dakika 56, siyo 24 kamili. Zile dakika 4 zinazosalia zinafidia mwendo wake kuzunguka jua. Matokeo yake kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana, saa 2 kwa mwezi.

Wazee wa pwani waliitumia hesabu hii kwa Kilimia, lile shada dogo la nyota ambalo jina lake limetoka kwenye kulima. Walisema: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Jaribu mwenyewe. Mwisho wa Aprili, katikati ya masika, Kilimia huzama magharibi mara tu baada ya jua na kupotea. Juni kinaonekana tena alfajiri mashariki, na mvua imekatika.

Mwisho wa Januari, saa 3 usiku, toka nje na utazame juu kabisa. Nyota tatu za mstari mmoja, mkanda wa Jabari, zitakuwa karibu utosini. Nyota hizo ziko juu ya Ikweta, kwa hiyo zinapochomoza zinakuonyesha mashariki kamili, na zinapozama magharibi kamili.

Katikati ya Mei, saa hiyo hiyo, omba mawingu yapasuke. Kusini, ngumi tatu juu ya upeo, umesimama Msalaba wa Kusini. Geuka nyuma: kaskazini, juu ya Kibo, nyota saba za umbo la upawa, za Dubu Mkubwa. Mtu wa Ulaya haoni msalaba ule, na mtu wa kusini kabisa mwa Australia hauoni upawa wote. Nyota ya Kaskazini peke yake ndiyo usijisumbue kuitafuta; iko nyuzi 3 chini ya upeo wetu.

Hatua ya saba: mwezi kwa siku 30

Anza siku ya mwezi mwandamo. Dakika 20 baada ya jua kutua tazama magharibi, utauona umelala kama mtumbwi. Nchi za mbali na Ikweta huuona umesimama wima, ndiyo maana picha za vitabu hazifanani na wetu. Kila jioni, saa ile ile, chora umbo lake na pima kwa ngumi uko wapi. Utasogea mashariki kwa ngumi moja na kidogo kila siku, na kuzama dakika 50 hivi baadaye kuliko jana.

Siku kama ya saba unakuwa nusu, uko juu jua linapotua. Siku ya 14 au 15 ni mwezi mpevu, na unachomoza mashariki jua likizama magharibi. Baada ya hapo unalala wewe, mwezi unatoka usiku wa manane. Mzunguko wote, mwandamo hadi mwandamo, ni siku 29 na nusu. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Pasaka nayo hufuata kanuni ya kanisa, Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haikosi mbalamwezi ya karibuni, kama masika itaturuhusu kuiona.

Ukitaka kuona sababu ya maumbo hayo, chukua gololi au ndimu kwenye kijiti, nyoosha mkono, taa iwe mbele yako, kichwa chako kikiwa Dunia. Jizungushe kushoto polepole. Nusu ya ndimu huwa na mwanga wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo unayoiona. Kivuli cha Dunia hakihusiki, isipokuwa siku za kupatwa. Na kupatwa hakutokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi, mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli. Usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi haukukwepa kivuli, ukawa mwekundu kuanzia saa 2 na nusu hadi karibu saa 4. Kwa jua, wengi wanakumbuka kupatwa kwa 1 Septemba 2016 kule Rujewa, mkoani Mbeya, jua lilipobaki pete tu. Sisi wa kaskazini tulipata kipande.

Mwezi mpevu hufanya kinyume cha jua. Wa Desemba hupita upande wa kaskazini, wa Juni hupita kusini. Waongoza wageni wanaoanza safari ya kilele saa 6 usiku wanaujua uzuri wa usiku huo, theluji inang'aa hata tochi haina kazi.

Zoezi la mwisho, kwa mwenye ndugu Songea

Songea iko kusini mwa Moshi kwa kilomita kama 810 kwa mstari wa kaskazini–kusini, si kwa barabara. Siku ya sikusare, 20 Machi hivi au 22–23 Septemba, ndugu yako asimamishe fimbo ya mita 1, nawe yako. Kila mmoja apime kivuli chake kifupi kabisa cha siku. Cha Songea kitachelewa dakika 7 hivi nyuma ya cha Moshi. Wewe utapata karibu sentimita 6, yeye karibu 19. Chora pembetatu mbili kwenye karatasi ya mraba na upime pembe kwa protrakta: kama nyuzi 3.4 na 10.7. Tofauti ni 7.3. Gawanya 360 kwa 7.3, zidisha kwa 810, na umepata mzingo wa Dunia, karibu kilomita 40,000. Mmoja wenu akikosea kwa nusu sentimita tu, Dunia inanenepa au kukonda kwa kilomita 1,600 hivi, kwa hiyo azima pima maji ya fundi, usiamini macho.